Kompyuta na vifaa vya kurekodia muziki nyumbani: uzi wa watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na jirani

#1 MtuWaUyole (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Vijana wengi wanaonifuata hapa Mbeya wana swali lilelile: "Kaka, nina hela kiasi, ninunue kompyuta gani nianze kurekodi?" Nikiwauliza maiki watanunua ipi, wanasema hiyo itakuja baadaye. Chumba hawajakifikiria. Saundi kadi wanaamini ipo tayari, lile tundu la hedifoni nyuma ya mashine. Nimeona nianzishe uzi, nitakuwa nawaelekeza hapa, na nyie mnaoifanya kazi hii Iringa, Njombe, Makambako hadi Tunduma mwongeze ya kwenu.

Msimamo wangu nautoa mapema: kurekodi sauti ni kazi nyepesi kwa kompyuta. Watu wanamaliza bajeti kwenye prosesa na kadi ya michoro ya kuchezea magemu, kisha wanaimbia maiki ya kubahatisha ndani ya chumba kitupu chenye kuta za saruji. Hakuna prosesa itakayouondoa mwangwi ule.

Fanyeni hesabu. Ukirekodi kwa biti 24 na kHz 48 (yaani sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde), traki moja ya mono, mstari mmoja wa sauti, inachukua kilobaiti 144 kwa sekunde, yaani MB 8.6 hivi kwa dakika. Traki 16 kwa mpigo ni MB 2.3 kwa sekunde. Hata diski ya zamani ile ya kuzunguka inaimudu kazi hiyo. Wimbo wa dakika 5 wenye traki 24 ni kama GB 1. Kinachoichosha mashine ni plagini (programu ndogo za kurekebisha sauti) zikiwa nyingi, na ala za sampuli zilizorekodiwa tayari, zile piano na vinanda vya kanisani vinavyopakiwa kwenye RAM. Hapo ndipo RAM na SSD zinapoonyesha kazi yake.

Kwa hiyo mashine ninayoshauri ni ya ofisi iliyotumika: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Zinaingia nchini kwa wingi, Kariakoo zimejaa na hapa mjini zinapatikana. Ila uliza kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei. OptiPlex 7040 na EliteDesk 800 G2 ni za kizazi cha 6. OptiPlex 7060 na EliteDesk 800 G4 ni za kizazi cha 8. i5-6500 ina viini (core) 4, i5-8500 ina viini 6, na unaisikia tofauti pale plagini zinapofika kumi na kitu. Jambo la pili, Windows 11 kwa taratibu za Microsoft wenyewe inaanzia kizazi cha 8 kwa prosesa za Intel, na Windows 10 msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya kizazi cha 6 bado itarekodi vizuri kama huiingizi mtandaoni, lakini kama tofauti ya bei ni ndogo chukua ya 8.

Chukua boksi kubwa la kusimama, uliache lile jembamba. Boksi kubwa lina hewa, feni yake inazunguka taratibu, na kelele ya feni ni adui yako ukiwa unarekodi chumba kimoja na mashine. Ukifika nayo nyumbani ifungue, toa vumbi, futa pesti ya joto iliyokauka juu ya prosesa upake mpya. Kazi ya nusu saa, na feni inatulia. RAM weka GB 16 kwa vijiti viwili vya 8. SSD moja ya mfumo na sampuli, diski ya kawaida ya kuhifadhia kazi zilizokwisha. Jueni pia kwamba pawa saplai za mashine hizi za ofisi mara nyingi zina plagi za kampuni yenyewe, siyo ile ya kawaida ya pini 24. Ikiungua, ya dukani haitaingia, lazima utafute ya modeli hiyohiyo.

Saundi kadi ya USB ndiyo moyo wa kazi. Inageuza sauti kuwa namba, inaipa maiki nguvu, na draiva yake (programu inayoiunganisha na kompyuta) ndiyo inayoamua sauti inachelewa kiasi gani kukurudia masikioni. Bafa ni fungu la sampuli ambalo kompyuta inalishughulikia kwa mpigo. Ya sampuli 128 kwenye kHz 48 ni milisekunde 2.7. Ya 256 ni 5.3. Ya 512 inafika 10.7, na hapo mwimbaji anaanza kulalamika kwamba anajisikia nyuma ya mdundo. Kwa hiyo wakati wa kurekodi shusha bafa hadi 128 au 256, wakati wa kumiksi (kuchanganya traki) ipandishe hadi 1024 mashine ipumue. Hilo halifanyiki kwa uhakika kama saundi kadi haina draiva yake ya ASIO, ile aina ya draiva ya Windows inayopunguza ucheleweshaji.

Ukisikia sauti inakatikakatika na prosesa wala haijachoka, usikimbilie kununua nyingine. Zima Wi-Fi, weka mpangilio wa umeme wa Windows kwenye utendaji wa juu, chomeka saundi kadi moja kwa moja kwenye tundu la nyuma la mashine badala ya kwenye kigawa USB. Kisha pakua programu inaitwa LatencyMon, itakuonyesha draiva inayosumbua. Mara nyingi ni ya Wi-Fi au ya kadi ya michoro.

Maiki, chumba na umeme nawaachia mwanzishe nyie, nitachangia.

#2 Mnyalukolo_Kihesa

Kamwene wakuu. Mkuu wa Uyole nakuunga mkono kwa mengi, ila kwenye boksi la mezani tunaachana.

Mimi narekodi kwaya. Kwaya haiji kwako, unaifuata: leo Kihesa, kesho Ipogolo, Jumamosi uko Ilula au Kilolo ndani kabisa. Boksi, monita, kibodi na UPS (betri ya akiba) utavibeba kwenye bodaboda ngapi? Halafu umeme ukikatika katikati ya ubeti wa tatu, kwaya ya watu wazima waliotoka shambani, utawaambia waanze upya?

Ninayotumia ni ThinkPad T480 ya mtumba. Kizazi cha 8, ina nafasi mbili za RAM, na ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa nyuma. Ya nyuma ikiisha unaichomoa, unachomeka ya akiba, na mashine haizimiki. Saundi kadi inakula umeme wa USB hiyohiyo. TANESCO wakikata, taa za kanisani zinazimika, kurekodi kunaendelea. Na ukichomoa chaja, ile sauti ya "mmmm" ya umeme inaondoka. Kwa anayeanza na atakayekuwa anatembea, laptop ya ofisi iliyotumika ndiyo jibu.

#3 MtuWaUyole

Mnyalukolo, kwa kazi ya kwaya za vijijini umeshinda, sibishani. T480 ni mashine nzuri na nimeiona ikifanya kazi.

Nabaki na langu kwa anayekaa sehemu moja na kumiksi saa nyingi. Laptop ikipata moto inapunguza kasi yenyewe, na feni yake nyembamba inapiga kelele ya juu inayoingia kwenye maiki ya kondensa, aina inayonasa hata sauti ndogo za chumba. Mwenye laptop anayerekodi chumbani aiweke mbali na maiki, upande wa nyuma ya maiki, maana maiki nyingi za studio husikia zaidi mbele. Kwa kiwango kilekile cha pesa boksi linakupa viini vingi zaidi. Kwa hiyo mtu ajiulize kwanza: nitarekodi wapi?

#4 Wa_Iyunga

Shikamooni kaka zangu. Mimi ni mwanafunzi, nipo Iyunga. Naimba na kupiga gitaa. Naona watu wanauza Behringer UMC22, UMC202HD na Focusrite Scarlett Solo. Pia kuna jamaa anauza maiki ya BM-800 na kebo yake ya kuchomeka kwenye kompyuta, anasema haihitaji saundi kadi. Nisaidieni, hela yenyewe ya kuungaunga.

#5 MtuWaUyole

Marahaba mdogo wangu. Hiyo BM-800 na kebo yake iache kwanza. Ni maiki ya kondensa, na kondensa zinataka umeme wa volti 48 unaopanda kwenye kebo ya XLR (kebo ya maiki yenye pini tatu), ule tunaouita fantomu. Tundu la maiki la kompyuta linatoa volti chache tu. Itawaka, utasikia kitu, lakini sauti itakuwa ndogo, na ukiipandisha unapandisha mchirizo wa "shhh" pamoja nayo.

UMC22 inafanya kazi, ila haina draiva yake ya ASIO, utaishia kutumia ASIO4ALL, na inakomea kHz 48. UMC202HD ina draiva yake, ina matundu mawili ya maiki yenye umeme wa fantomu, na inafika kHz 192 ingawa hutaihitaji. Scarlett Solo ina sauti safi na draiva nzuri, lakini tundu la maiki ni moja tu, la pili ni la gitaa. Wewe unayeimba na kupiga gitaa peke yako Solo inakutosha. Lakini siku utakapotaka kuweka maiki mbili, moja mdomoni na moja kwenye gitaa la boksi, Solo itakukwamisha. Kwa hela ya kuungaunga, mimi ningekuwa wewe ningechukua UMC202HD. Mwenye uwezo zaidi achukue Scarlett 2i2, Audient EVO 4 au MOTU M2, zote ni nzuri.

Na biti 24 inatosha kabisa. Kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa ina nafasi ya desibeli (dB) 144 kwa nadharia, wakati ile 16 ya CD ina 96. Maana yake huna sababu ya kurekodi ukigonga taa nyekundu. Acha kilele cha sauti kicheze kwenye dB -12 hivi, ukipiga kelele ya ghafla hutaharibu.

#6 FundiMakambako

Natia neno kwenye umeme, ndiyo kazi yangu.

Plagi zetu zina pini tatu bapa. Ile ndefu ya juu ni ya athi, njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini. Nyumba nyingi ninazoitwa nakuta soketi ya pini tatu ipo ukutani, ukiifungua, waya wa kijani na njano umekunjwa tu nyuma, haujafungwa popote. Au umefungwa vizuri, lakini fimbo ya shaba iliyotakiwa kuzikwa nje haipo. Na vijana wanachokoa tundu la juu kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Studio ya nyumbani ikiwa hivyo, muungurumo hautaisha. Umeme wetu ni hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), kwa hiyo utausikia hapo na kwenye 100.

Tena si muungurumo tu. Mpiga gitaa ameshika nyaya za chuma, mdomo umegusa wavu wa maiki. Athi ikiwa mbovu na kifaa kimoja kikavuja, umeme unapita kwake. Kwa hiyo mtu asije akawashauri mkate pini ya athi ili kelele iondoke. Kelele itaondoka kweli, na kinga itaondoka nayo. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA apime athi. Hiyo ndiyo pesa ya kwanza kutumia kabla ya maiki yoyote.

Kama athi ni nzuri na bado kuna muungurumo, pengine ni mzunguko wa athi: kibodi imechomekwa soketi ya sebuleni, kompyuta soketi ya chumbani, na zote zimeungwa kwa kebo ya sauti. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja nzuri. Isipoisha, weka DI boksi (kisanduku kinachopitisha sauti na kutenganisha umeme wa vifaa viwili) kati ya kibodi na saundi kadi, ile yenye transfoma ndani.

UPS ni lazima kwa mwenye boksi la mezani, umeme wetu unayumba. Lakini angalieni: UPS na invata za bei ndogo hutoa umeme wa ngazi-ngazi badala ya wimbi laini, na ngazi hizo zinaingia kwenye sauti zikiwa mchirizo mkali. Itumie kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu, usiitumie kurekodia. Anayetaka kuendelea kurekodi umeme ukikatika atafute invata ya wimbi laini.

Radi: mawingu yakikusanyika, chomoa. Chomoa umeme na chomoa waya wa intaneti. Hakuna UPS itakayozuia radi iliyopiga nguzo ya jirani.

#7 Mnyalukolo_Kihesa

Fundi hapo kwenye athi nakazia. Kipimo rahisi kwa wenye laptop: ukisikia muungurumo, chomoa chaja. Ukipotea, tatizo liko kwenye umeme, wala si maiki wala saundi kadi.

#8 SautiYaTukuyu

Wakuu mnazungumza umeme, sisi huku tatizo ni mbingu. Tukuyu mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na nyumba ni ya bati bila dari. Ikianza hata kuongea na mtu wa chumba hichohicho huwezi, sembuse kurekodi. Kuna plagini ya kuondoa sauti ya mvua? Au nihame?

#9 MtuWaUyole

Ndugu yangu wa Tukuyu, plagini zipo za kupunguza kelele, na zinafanya vizuri kwa kelele isiyobadilika kama ya feni. Mvua ya kwenye bati inabadilika kila sekunde na imejaa kuanzia chini hadi juu kabisa, palepale zilipo herufi s na sh za mwimbaji. Ukiiondoa unaondoa na maneno.

Mwenye uwezo afunge dari. Ubao mwembamba pekee haufanyi mengi. Kinachozuia ni uzito na nafasi ya hewa iliyojazwa kitu laini: jipsamu ngumu, ikiwezekana mbili zilizopandana, juu yake pamba ya mwamba (rockwool), na pembeni pazibwe hewa isipite. Msijaze maranda ya mbao huko juu, nyaya za umeme zinapita humo na moto ukiwaka hauzimiki. Hata kwa dari hiyo mvua ya mawe utaisikia, lakini ile ya kawaida utaifanyia kazi.

Asiye na uwezo huo apange. Wakati wa masika rekodi asubuhi, kwa sehemu nyingi za huku mvua hupendelea mchana na jioni. Ala za kuchomeka kwa waya, gitaa la besi, gitaa la umeme, kibodi, hizo rekodi mvua ikinyesha maana hazipiti kwenye maiki. Sauti zisubiri. Na tumia maiki ya dainamiki, aina isiyohitaji umeme wa fantomu, mdomo karibu kabisa, upana wa vidole vitatu.

Hapo niseme wazi: kwa vyumba vyetu, maiki ya kwanza iwe Shure SM58. Imetengenezwa tangu 1966, haihitaji fantomu, ikianguka unaiokota unaendelea. Haisikii chumba chote kama kondensa kwa sababu unaiimbia karibu, sauti ya mdomo inakuwa kubwa kuliko ya chumba. Kwenye kumiksi utapandisha kidogo sauti zake za juu ing'ae, basi. SM7B nayo ni dainamiki nzuri sana, lakini inataka gaini (nguvu ya kukuza sauti) ya dB 60, saundi kadi nyingi ndogo zinaishiwa nguvu kabla ya hapo. Kondensa kama Rode NT1 au Audio-Technica AT2020 zinunueni chumba kikiwa tayari.

Tahadhari ya SM58: za bandia zimejaa. Halisi ina gramu 298 bila kebo. Nenda dukani na mzani mdogo wa jikoni. Nyingi za bandia ni nyepesi, na muuzaji akikataa usiipime umeshapata jibu lako.

#10 DadaMafinga

Kaka Uyole asante kwa uzi. Mimi naimba injili, najirekodi mwenyewe nyumbani Mafinga. Naongezea kwenye chumba kwa sababu huku mbao tunazo, msitu wa Sao Hill uko mlangoni.

Kwanza, kama unajenga, usijenge chumba cha mita 3 kwa 3. Sauti ikienda na kurudi kwenye mita 3 inakwama kwenye hezi 57, na kwa kuwa pande zote mbili ni sawa, inakwama mara mbili mahali palepale. Waya wa A wa gitaa la besi ni hezi 55. Noti hiyo itavuma chumba kizima, inayofuata itapotea, na utamlaumu mpiga besi bure. Mita 3 kwa 4 na kidogo ni afadhali zaidi.

Pili, trei za mayai hazifanyi kazi. Watu wanaendelea kuzibandika kila siku. Ni karatasi nyembamba, zinagusa kidogo sauti za juu sana na kuziacha zote za kati na chini.

Ninachotengeneza ni hiki. Mbao ya paini ya mbili kwa nne, imesimamishwa kwa upana wake, inakupa fremu yenye kina cha inchi 4, yaani sm 10. Urefu futi 4, upana futi 2. Ndani ukipata pamba ya mwamba ni bora, agiza Dar, ila vaa glavu na barakoa. Nisipoipata najaza mablanketi mazito ya mtumba yaliyokunjwa, yasibanwe sana. Mbele nafunika kitambaa. Kitambaa nakichagua kwa mdomo: nakiweka usoni na kupuliza, pumzi ikipita kirahisi kinafaa, ikigoma sauti nayo itagoma. Turubai na plastiki hazifai.

Sm 10 zinashika vizuri kuanzia hezi 800 na kitu kwenda juu. Ukiiacha fremu itokeze ukutani kwa sm 10 nyingine, badala ya kuigandamiza, inashuka chini zaidi bila gharama yoyote. Hiyo nafasi ya nyuma watu wanaisahau. Weka mbili nyuma ya mwimbaji, moja kila upande, na kwenye kona weka nene zaidi. Nyuma ya mwimbaji nasema, maana wengi wanaweka nyuma ya maiki tu, wakati maiki inatazama ukuta ule ulio mgongoni kwa mwimbaji.

Mimi natumia NT1 sasa hivi, na chumba chenyewe kilikuwa stoo.

#11 FundiMakambako

Dada hongera, hilo la kupuliza nimelipenda. Ukiwa unapiga fremu ukutani kumbuka nyaya za umeme zinashuka wima kutoka kwenye swichi na soketi. Usipige msumari juu ya mstari huo.

#12 Kijana_Tunduma

Wakuu, spika za studio au hedifoni? Na programu gani? Nina FL Studio ya kupewa na rafiki.

#13 MtuWaUyole

Hedifoni kwanza, zile za kufunika sikio zote ili sauti isivuje kwenye maiki. Sony MDR-7506 na Audio-Technica ATH-M50x ni za kuaminika. Beyerdynamic DT 770 Pro zinakuja kwa ohmu (ukinzani wa umeme) tofauti, kwa saundi kadi ndogo chukua ya 80, ile ya 250 itakuwa na sauti ndogo. Spika kama Yamaha HS5 au JBL 305P ni nzuri sana, lakini zinakuonyesha na makosa ya chumba chako, kwa hiyo zifuate paneli za Dada Mafinga.

Programu: FL Studio ukinunua, ujue toleo la Fruity halirekodi sauti ya maiki, lazima uanzie toleo la Producer. Ukilipa mara moja masasisho ni ya maisha. Reaper unaijaribu siku 60 bila kizuizi, na leseni ya mtu binafsi au biashara ndogo ni dola 60. Ni nyepesi, inafaa hata mashine ya kizazi cha 6. Hiyo ya kupewa na rafiki, kama imevunjwa leseni, achana nayo. Programu za namna hiyo zinaingia na virusi, na nimeona kazi za wateja zikipotea. Kwaya imechangishana, imesafiri, imeimba siku nzima, halafu unawaambia mafaili hayapo. Kwa dola 60 usijiweke hapo.

Na hifadhi nakala sehemu mbili. Kila siku ya kurekodi, kabla ya kulala.

#14 SautiYaTukuyu

Ndaga fijo mkuu. Nimeshapata mwongozo wa dari. Sasa swali kwa Mnyalukolo: unarekodi vipi kwaya ya watu 30 kwa saundi kadi ya matundu mawili? Huku kwetu kila kanisa lina kwaya, na wengine wana tarumbeta.

#15 Mnyalukolo_Kihesa

Kaka, matundu mawili yanatosha, na mara nyingi ni bora kuliko maiki nane zilizotawanywa.

Tafuta kondensa ndogo mbili za aina moja, modeli moja. Zifunge kwenye stendi moja yenye ubao wa kupachikia maiki mbili. Vichwa viachane sm 17, na vitazame nje kwa pembe ya nyuzi 110. Mpango huu unaitwa ORTF, ulitoka redio na televisheni ya Ufaransa. Unakupa upana: ukisikiliza kwa hedifoni, soprano wako kushoto, besi kulia, kama walivyosimama. Saundi kadi iwe na fantomu kwenye matundu yote mawili, na gaini ya pande zote mbili iwe sawa, ipime kwa mtu mmoja anayepiga makofi katikati.

Stendi ipande juu, mita mbili na nusu hadi tatu, maiki zikitazama kidogo chini. Ukiiweka usawa wa midomo, safu ya mbele itawameza wa nyuma. Umbali anza na mita 2 au 3 kutoka safu ya mbele. Sasa kazi ya kweli inaanza: rekodi ubeti mmoja, vaa hedifoni, sikiliza maneno. Maneno yakiwa hayasikiki, sogeza karibu. Ukisikia mtu mmojammoja badala ya kwaya, rudi nyuma. Wanakwaya wapange upya bila aibu. Mama mwenye sauti kubwa mpeleke nyuma au pembeni, kwa heshima, mwambie sauti yake inabeba kwaya ndiyo maana unamtaka asimame pale. Hakuna plagini itakayomtoa baadaye, maana wote wako kwenye traki mbili zilezile.

Kinanda usikipitishe kwenye spika za kanisa wakati wa kurekodi. Kama saundi kadi yako ina matundu manne, kichomeke moja kwa moja. Kama ni mawili, mpiga kinanda apige kwanza peke yake, urekodi, kisha mwalimu wa kwaya avae hedifoni aongoze kwa kuisikiliza. Walimu wengi mwanzoni wanagoma, wakishajaribu wanazoea.

Tarumbeta zirekodi siku nyingine au ziweke nyuma kabisa ya kanisa. Zina nguvu kuliko sauti za watu 30. Na ala za asili kama ligombo letu la Kihehe sauti yake ni ndogo, usilichanganye na kwaya kwenye stendi hiyohiyo. Lifuate kwa maiki ya kondensa karibu, chumba kikiwa kimya kabisa.

#16 DadaMafinga

Kaka Mnyalukolo, kanisa lenye mwangwi mrefu unafanyaje? Letu lina sakafu ya vigae na madirisha ya vioo pande zote.

#17 Mnyalukolo_Kihesa

Dada, mwangwi wa kanisa kwa kwaya ni rafiki, mradi usizidi maneno. Nasogeza stendi mbele kidogo, hadi mita moja na nusu, na tunatandika mikeka na mablanketi kwenye sakafu kati ya kwaya na maiki. Mapazia yakiwepo tunayafunga. Ukutani nyuma ya kwaya tunaning'iniza hayo mablanketi yako mazito, wakikubali. Kisha wimbo wa haraka tunaurekodi kwanza, waumini wengine wakiwa wamebaki ndani wamekaa kimya. Miili ya watu inakula mwangwi vizuri kuliko kitu chochote tulichobeba. Nyimbo za polepole zinafuata wakishatoka.

#18 Wa_Iyunga

Kaka Uyole, nimesoma yote. Mwezi huu nina hela ya kitu kimoja tu, na chumba ni cha kupanga. Laptop ya kaka yangu ni kizazi cha 8, RAM GB 8. Nianze na nini?

#19 MtuWaUyole

Laptop hiyo inatosha, usiiguse. Nunua saundi kadi, UMC202HD au 2i2 iliyotumika, ukaijaribu matundu yote mawili kabla ya kulipa. Gitaa utalirekodi kwa waya kuanzia siku hiyohiyo, Reaper ipo ya majaribio. Mwezi unaofuata SM58, kebo ya XLR ya mita 5 na stendi. Ukiimba ning'iniza mablanketi mgongoni kwako, kwenye kamba au nyuma ya mlango wa kabati. Ukikwama kwenye draiva niandikie hapahapa, weka na picha ya LatencyMon.